Kuamka na Kuamkia

Mwalimu afundishaye kwa maneno hana budi kuyajua, kama vile fundi ajuavyo vyombo vyake. Basi, ndugu wasomaji, mwezi huu tulitazame neno moja tulitumialo kila siku, yaani kuamka. Na ndani yake tutafute jibu la swali hili: Aliyeamka ana deni gani kwa mwenzake aliyelala bado?

Waingereza wana neno lao, «wake». (Msilisome kama neno letu lenye maandishi yayo hayo.) Kwao maana yake ni kuamka na kuamsha, tena ndilo jina la kukesha penye maiti kabla ya maziko. Hulitumia pia kwa ile njia ya maji ibakiayo nyuma ya meli. Lakini wenye elimu ya lugha wasema hilo la meli lina asili nyingine, latoka kwa watu wa kaskazini, ambao kwao lilikuwa tundu katika barafu. Basi si kila yafananayo ni ndugu.

Katika neno hilo la kuamka lilichipuka tawi jingine, «woke», kwa watu weusi wa Marekani. Mwaka 1931 vijana tisa weusi walishitakiwa kwa uongo huko Scottsboro, katika jimbo la Alabama. Mwaka 1938 mwimbaji Lead Belly alitumia neno hilo kuwaonya wenzake wapitao huko wawe macho. Hivyo lilikuwa neno la kulinda maisha ya mwenzio. Siku hizi wengine hujivunia nalo, na wengine hulitupa kama tusi. Pande zote mbili limeiacha kazi yake ya kwanza, maana halimwonyi tena mtu yeyote apitaye penye hatari.

Jambo hili halikosi kwetu. Katika miaka ya 1930 uamsho ulienea kutoka Gahini katika Rwanda na kutoka Uganda, ukafika Buhaya kwa Walutheri wenzetu. Wengi waliungama dhambi zao mbele ya watu, wakarudisha mali waliyoiba. Kuamka huko kulikuwa kweli, kwa sababu hata jirani aliyeibiwa alikuona: mali yake ilirudi. Lakini yalitokea na mafarakano pia, kwani wako waliojihesabu kuwa wameamka, wakawadharau wengine kuwa wamelala.

Sasa tulitazame neno letu wenyewe. Kutoka kuamka twapata kuamsha. Tena twapata kuamkia, yaani kumsalimu mtu, na ndiko yatokako maamkio. Wazee walioitengeneza lugha hii waliona kwamba kazi ya kwanza ya mtu aliyeamka ni kumwelekea mwenzake na kuuliza hali yake. Huku Kasoli, katika Bariadi, asubuhi haipiti bila kusikia «Mwangaluka» kwa Kisukuma, nalo hujibiwa. Apitaye kimya twamwona kama mtu asiyeamka sawasawa.

Tazameni tena kazi ya shamba. Mvua zikianza, mkulima wa pamba huamka mapema ili alime kabla ya jua kali. Lakini plau haiendi kwa mtu mmoja: mmoja ashika mikono yake, mwingine awaongoza ng'ombe. Aliyetangulia kuamka akienda peke yake na kujisifu kwamba wenzake ni wavivu, shamba halilimwi. Imempasa abishe hodi.

Labda mtu atasema, «Nyumba ikiwaka moto, je, nibishe hodi kwa upole?» La, upige kelele, hata uuvunje mlango. Lakini hata hapo sauti yako ni kwa ajili ya uhai wake alalaye, wala si ili watu wajue kwamba wewe hukulala. Na moto ukizimika, usimsimange kila siku kwa usingizi wake.

Tena kumbukeni mfano wa wanawali kumi katika Mathayo 25. Wengi hudhani wapumbavu walilala na wenye akili wakakesha. Sivyo: wote kumi walilala, wote wakaamshwa na kelele ile ile, tofauti yao ilikuwa mafuta. Na katika Gethsemane, yeye aliyekuwa macho aliwarudia waliolala mara tatu. Aliwauliza kwa uchungu, lakini aliutambua udhaifu wa mwili wao, wala hakuwaacha.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: aliyeamka kwanza hakupewa daraja ya juu, alipewa kazi. Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliwafundisha wenye nyumba kwamba mtu aondokapo kitandani asali, kisha aende kazini kwa furaha. Basi mwalimu, au mzee wa kanisa, akitaka kujua kama ameamka kweli, asijipime kwa hao aliowapita wakiwa wamelala. Na ajiulize ni mlango wa nani aliobisha, na kama mwenye nyumba alipofungua alisalimiwa au alikaripiwa.