Kwaresima, Kimbunga na Barakoa

Tarehe 25 Aprili 2019, siku nne baada ya Pasaka, wakazi wa mwambao wa Mtwara waliambiwa waondoke mabondeni na kando ya bahari, wakakae penye miinuko. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza kwamba kimbunga Kenneth kinakaribia. Msimbati ni kijiji cha mchangani, bahari iko mlangoni, na Mto Ruvuma unamwaga maji yake upande wa kusini. Huko mwinuko wenyewe ni wa kutafuta. Watu walisali, na waliosali ndio hao hao waliofunga mizigo. Kimbunga kikaishukia Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, kikaua watu huko. Sijasikia padre wala sheikh aliyesema kwamba waliohama siku ile walikuwa na imani haba.

Mwaka haukuisha, maneno hayo hayo yakaanza kusemwa kuhusu barakoa.

Kwaresima ya 2020 ilianza tarehe 26 Februari. Waliopanga masomo ya misa miaka mingi nyuma hawakuwa na habari ya korona, lakini Jumapili ya kwanza, tarehe 1 Machi, makanisa ya Kikatoliki yalisoma habari ya Yesu kupelekwa kwenye kinara cha hekalu na kuambiwa ajitupe chini, kwani malaika watamdaka. Shetani alileta na aya ya kumsaidia hoja. Yesu alikataa. Hakuwa na shaka na Baba yake. Alikataa kumgeuza Baba kuwa mdhamini wa jambo la kujitakia. Siku 15 baadaye Tanzania ilimtangaza mgonjwa wake wa kwanza.

Jumapili ya nne, tarehe 22 Machi, likasomwa simulizi la kipofu wa kuzaliwa. Wanafunzi wanataka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anaupuuza uchunguzi huo, anachanganya tope, anampaka mtu yule machoni, kisha anamtuma akanawe. Jumapili hiyo hiyo, akiwa kanisani Dodoma, Rais John Magufuli alisema nyumba za ibada hazitafungwa, na kwamba kirusi hakiwezi kukaa katika mwili wa Kristo, kitaungua.

Kauli ile ilibeba mambo mawili, na kwa kuwa yalisemwa kwa pumzi moja tukayameza pamoja. La kwanza lilikuwa kutotawaliwa na hofu. Hilo nalitetea hadi leo. Mama wa Msimbati anayekwenda mwambani maji yakikupwa, na kijiti chake cha kuchokolea pweza, anarudi na mboga ya jioni na senti za unga. Ukimwamuru akae ndani siku 14 umemchagulia tu kifo kingine. Serikali za Ulaya ziliweza kuwafungia watu majumbani kwa sababu zilikuwa na cha kuwapelekea humo.

La pili ni lile la kirusi kuungua, na hapa Kanisa lenyewe lina mafundisho yaliyosahaulika haraka mno. Thoma wa Akwino alifundisha katika karne ya 13 kwamba katika Ekaristi kiini cha mkate hugeuka, lakini umbo, rangi na ladha hubaki vilevile. Ndiyo maana hostia ikiachwa kwenye unyevu huota ukungu, na kila sakristani anajua. Mkono wa padre unaoigawa hubaki mkono, na mate ya anayeipokea hubaki mate. Anayesema Ekaristi inazuia ugonjwa usipite vidoleni haongezi imani hata chembe. Ameigeuza sakramenti kuwa hirizi, na hirizi ina tabia moja: ikishindwa, anayelaumiwa ni aliyeivaa.

Kimbunga basi kinatofautianaje na korona, hata cha kwanza tukikimbie bila haya na ya pili tuione kama mtihani wa imani? Nadhani ni kwa sababu kimbunga hutoka mbali, kina jina la kigeni, hakikai sebuleni. Ugonjwa huu hutoka kinywani mwa shangazi. Kuvaa barakoa mbele yake ni kumwambia kwamba anaweza kuniua, nami naweza kumuua. Maneno mazito hayo, hasa pwani, ambako msiba hukaliwa kwenye mkeka mmoja na wali huliwa kwenye sinia moja. Tulisingizia imani kumbe tulikuwa tunaona aibu. Tukapiga nyungu, tukajifukiza, tukaning'iniza vibuyu chirizi milangoni, maana hivyo havimtuhumu mtu.

Msimbati ni pwani ya Waislamu, na Kwaresima huko ni mfungo wa majirani wachache. Lakini jirani anayefunga Ramadhani analijua jambo ambalo sisi Wakristo tulilipoteza mwaka ule: sheria yenyewe ya mfungo inamruhusu mgonjwa na msafiri kula, walipe siku nyingine. Mungu aliyeamuru kufunga ndiye aliyeujali mwili.

Kisha ikaja Jumatano ya Majivu ya 2021, tarehe 17 Februari. Vatikano ilikuwa imeagiza namna mpya: padre aseme maneno ya majivu mara moja kwa waamini wote, anawe mikono, avae barakoa, kisha amnyunyizie kila mmoja kichwani bila kutamka neno. Siku hiyo hiyo alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilisema wazi wiki kadhaa nyuma kwamba ana korona. Akafariki pia Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Mwanzoni mwa Machi, Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, akasema hadharani kwamba katika miezi miwili wamefariki mapadre zaidi ya 25 na watawa wa kike 60. Mitaani tulikuwa bado tunasema "changamoto ya upumuaji". Kwa kumtendea haki, Rais naye aliwaambia waamini wa Oysterbay, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima hiyo, wavae barakoa, ila ziwe zimetengenezwa nchini.

Majivu ni tangazo la kifo. Unaambiwa mbele ya watu kwamba utakufa, na anayekuambia anakutakia mema. Taifa linalopokea tangazo hilo Jumatano, halafu Alhamisi likashindwa kusikia idadi ya wafu wake, limepakwa masizi tu. Takwimu zetu zilisimama Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo zaidi ya mwaka. Kuacha makanisa na masoko wazi na kuficha hesabu ni maamuzi mawili tofauti. La kwanza lina utetezi, na utetezi wake uko mwambani Msimbati. La pili sijaona Injili inayolitetea.

Parokia zina daftari za marehemu. Kwaresima ijayo, zikiwaombea waliozikwa mwaka 2020 na 2021, ziutaje ugonjwa uliowaua.