Vuta Pumzi, Halafu?

Siku hizi kila mwenye msongo wa mawazo huambiwa, "Vuta pumzi." Ushauri wenyewe si mbaya. Weka mkono tumboni, vuta hewa puani taratibu kwa sekunde 4 mpaka tumbo liuinue mkono, kisha ishushe kwa sekunde 6. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Kwa hesabu hii unapumua mara 6 tu. Mapigo ya moyo hupungua kidogo tunapotoa pumzi, ndiyo maana kutoa kunapewa muda mrefu kuliko kuvuta. Mimi hufanya hivi kila asubuhi, na kweli natulia.

Lakini hebu tujiulize: kutulia ni jambo jema siku zote?

Tuseme mfanyakazi amedhulumiwa mshahara wake. Anafoka, na bosi aliyemdhulumu anamwambia, "Vuta pumzi kwanza." Hapo amemsaidia au amemnyamazisha? Na mama anayepika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, ukimwambia avute pumzi ndefu, avute nini? Moshi? Huyo anahitaji dirisha kabla ya somo la kupumua.

Basi, wapo watakaosema haya ni mambo ya walioshiba. Sikubaliani nao. Moyo hauamrishwi, wala tumbo. Pumzi hujiendesha yenyewe tukiwa usingizini, lakini tukiiamuru inatii. Aliyedhulumiwa anaihitaji kuliko mtu yeyote, maana hasira iliyokosa pumzi hukosea maneno, na mara nyingi humkosea hata mtu wa kumfokea.

Kiswahili kinalijua hili. Maneno yetu "nafsi" na "nafasi" yanatoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, ule ule wa neno la pumzi. Anayevuta pumzi anajipa nafasi kati ya kuumizwa na kujibu. Ndani ya nafasi hiyo halazimiki kusamehe. Anaweza kuamua kukataa, tena kwa sauti isiyotetemeka.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: nikimaliza kupumua, jambo lililonisumbua naliona vizuri zaidi, au nimelikimbia? Na wewe unayemwambia mwenzako avute pumzi, kaa naye mpaka aitoe. Huenda ikatoka na maneno, na maneno hayo yanataka msikilizaji.