Tone la Damu na Tawakali
Wapo wacha Mungu wanaoona kwamba mgonjwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akijitoboa kidole nyumbani na kusubiri mashine isome INR, yaani kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, amepungukiwa na tawakali. Siafikiani nao. Kwa wagonjwa wengi INR hutakiwa iwe kati ya 2 na 3: ikishuka, damu huganda isipotakiwa, ikipanda, huvuja, na mchicha au kisamvu kikizidi ghafla, kwa vitamini K iliyomo, huishusha. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba wanaojipima hupatwa na mabonge ya damu mara chache zaidi, ingawa hatari ya kutokwa damu haikupungua, na hilo lisifichwe. Anayekataa kujua hali ya mwili aliokabidhiwa hajamtegemea Mungu zaidi. Anabahatisha na amana.

Hoja nzito zaidi ni kwamba kujipima huzaa wasiwasi. Kwa baadhi ni kweli, na hao wabaki na kliniki yao. Lakini hofu ilikuwepo kabla ya mashine. Sasa angalau mgonjwa anampigia daktari leo, hasubiri mwezi mzima. Kinachoniuma ni bei ya vifaa hivi, maana maskini ndiye anayehubiriwa subira.