Bibi wa Meza ya Dirishani

Kijana alitoka Tanga, mpole, na nyumbani alikuwa amemlisha bibi yake mzaa mama kwa miaka mitatu mpaka alipofariki. Alipoajiriwa kuwa msaidizi wa kulisha katika makao ya wazee nilikokuwa muuguzi wa zamu, huko Marekani, nilifurahi kupata mtu wa kwetu. Nikajiambia, huyu mikono yake imeshazoea wazee, hana kubwa la kufundishwa. Kosa langu lilianzia hapo. Naliandika kwa ajili ya wenzangu wa Afrika Mashariki, maana tumejaa katika kazi hii ya kulea wazee wa ugenini.

Tangu 2003 serikali kuu ya Marekani imeyaruhusu majimbo yanayotaka yawe na wasaidizi wa kulisha wanaolipwa. Mafunzo yao hayapungui saa 8, ilhali msaidizi wa muuguzi husomea angalau saa 75. Kwa sababu mafunzo ni mafupi, kazi nayo imewekewa mipaka: mtu huyu halishi mwenye shida ya kumeza, wala ambaye chakula humwingia mapafuni mara kwa mara, wala anayelishwa kwa mrija. Nani alishwe naye na nani asilishwe, timu ya wahudumu, muuguzi akiwemo, ndiyo inayoamua, kwa kuangalia hali ya mzee ilivyo sasa. Neno hilo, sasa, ndilo nililolipuuza.

Kati ya wazee wetu alikuwako bibi mmoja, mwalimu mstaafu, na nafasi yake ilikuwa meza ya dirishani. Nilipomwingiza kwenye orodha ya wazee wa kulishwa na kijana alikuwa akila vizuri, ila alihitaji kushikiwa kijiko kwa sababu mikono ilimtetemeka. Mwezi uliofuata akaugua maambukizi ya njia ya mkojo. Akashinda amelala wiki nzima, akatumia dawa, homa ikashuka, akarudishwa mezani. Orodha ikabaki vilevile ukutani. Sikuketi naye hata dakika tano kumtazama akimeza.

Jioni ile kulikuwa na viazi vya kuponda, kuku wa kusaga na maji ya matunda. Mimi nilikuwa nje ya ukumbi wa kulia na toroli la dawa, ukuta mmoja tu kati yetu, na hapo nikahesabu kwamba namsimamia. Viti vilikuwa vimekwisha, kijana akalisha amesimama. Ukisimama, mzee huinua kidevu akutazame, na kidevu kikipanda njia ya hewa hubaki wazi zaidi. Kijiko kilikuwa kile kikubwa cha supu. Bibi alikuwa akisinzia kati ya tonge na tonge, na viazi vilikuwa vikijikusanya kwenye shavu la kushoto kama peremende ya mtoto. Kijana akambembeleza kwa Kiingereza chake chepesi, kwa sauti ileile ya Tanga: kidogo tu, bado kidogo. Kwetu sahani ya mgonjwa ikirudi jikoni na chakula, aliyemhudumia huona haya. Sahani ya bibi ilirudi tupu.

Usiku homa ikapanda na pumzi ikawa fupi. Gari la wagonjwa likamchukua kabla ya alfajiri. Hospitali wakasema ni nimonia, chakula kimeingia mapafuni.

Nilimkuta kijana kesho yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

“Mama, sauti yake ilikuwa imebadilika,” akasema bila kuniangalia.

“Ikawaje?”

“Kama mtu anayesukutua. Majimaji.”

“Ukafanya nini, mwanangu?”

“Nikampa maji ashushie.”

Maji ndiyo yanayopotea njia upesi kuliko vyote. Sauti ya majimaji ni koo linalosema kuna kitu kimekaa karibu na mlango wa pumzi. Na wako wazee ambao hata hawakohoi, chakula huingia mapafuni kimya kimya.

“Mbona hukuniita?”

“Ulikuwa unagawa dawa, mama. Niliona si adabu kukukatiza.”

Katika zile saa 8 alifundishwa kunawa, alifundishwa kumbana tumbo kutoka nyuma mtu aliyekabwa, alifundishwa kwamba mzee ana haki ya kukataa chakula, na kwamba akiona badiliko lolote amwambie muuguzi. Mtihani aliufaulu. Lakini hakuna aliyekaa ubavuni pake akamwona akilisha mtu halisi, na hakuna aliyemwambia kwa lugha yetu kwamba hapa, kumkatiza mkubwa ndiyo adabu yenyewe. Hilo lilikuwa langu. Yeye alitenda alivyolelewa.

Bibi alirudi baada ya siku 11, amekwisha mwili. Alifariki theluji ikiwa bado juu ya paa.

Siku hizi orodha ya wasaidizi naiandika kwa penseli. Mzee akitoka kuugua, jina lake linafutwa mpaka nimlishe mimi kwanza, na nikiwa na shaka namwita mtaalamu wa kumeza. Dawa za jioni nazigawa kabla au baada, wakati wa chakula niko ndani. Msaidizi mpya namketisha, macho yake yalingane na ya mzee, nampa kijiko kidogo, naye anangoja koromeo lipande na kushuka kabla ya kijiko kingine. Anachungulia mashavuni. Mzee akisinzia, chakula kinasimama. Baada ya mlo tunamwacha ameketi wima nusu saa.

Kijana bado yupo. Juzi nilikuwa nazungumza na daktari kwenye simu, akaweka kijiko chini na kuinua mkono wake, na alipoona sijageuka akaita kwa sauti ambayo ukumbi mzima wa kulia uliisikia: “Mama, njoo! Njoo sasa!”

Nikamwacha daktari hewani, nikaenda.