Nani Analipia Subira?

Kiswahili kina methali mbili ambazo hazijawahi kupatana. Moja inasema subira huvuta heri. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wengi wetu tunachukua ile inayotufaa siku hiyo, kisha tunaiita hekima. Leo nataka tuzigombanishe kidogo, na uwanja ni meza ya karata.

Nazungumzia poka, yale mashindano madogo ya ana kwa ana. Kila mtu analipa kiingilio kidogo, anapewa vijisarafu vya plastiki sawa na wenzake, akivimaliza anatoka. Kuna dau la lazima, linalolipwa kwa zamu hata kama karata zako ni mbovu, na linapanda kila baada ya dakika chache. Tuseme umeanza na vijisarafu 5,000 na dau hilo ni 100. Likiongezwa mara mbili kila dakika 15, baada ya saa moja limefika 1,600. Hujafanya kosa lolote, lakini mali yako sasa inatosha madau matatu tu, na hapo sijatoa uliyokwisha kulipa.

Mchezaji mpole anajiambia: mimi nangoja ree mbili. Haya, ngoja. Uwezekano wa kuzipata ni mara moja katika 221, na mtu akigawa kwa mkono mnapata labda migao 25 au 30 kwa saa. Shindano litaisha ree zako bado ziko njiani. Ndiyo maana wazoefu wa mashindano ya haraka wana kanuni: ukibaki na madau kumi au pungufu, acha kuchungulia kwa kulipa kidogo kidogo. Ama tupa karata, ama sukuma vyote mezani, tena uwe wa kwanza, hata kwa karata za wastani. Anayesukuma kwanza anaweza kushinda kwa njia mbili: wenzake waogope, au karata zake zikubali. Anayemwitikia ana njia ya pili tu.

Ukimwona mtu huyo kwa mbali utasema ana pupa. Kumbe amepiga hesabu. Kungoja kuna bei, na bei hiyo hakuipanga yeye.

Sasa tutoke mezani twende Musoma. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, kazi inasimama. Mwenye mitumbwi mitano anaweza kukaa akingoja giza lirudi. Mwenye mtumbwi wa kukodi na deni la mafuta, kila siku ya kungoja inamla. Bunda, mkulima wa pamba yuko palepale: akipanda kwa mvua ya kwanza, mbegu zinaweza kukauka, akingoja mvua itulie, msimu unamwacha. Wa akiba tunamwita mtu mwenye busara. Asiye na akiba tunamwambia hana subira. Mara nyingi tabia zao ni zilezile, kilichotofautiana ni kimo cha vijisarafu mbele yao.

Je, basi kila anayesukuma vyote ana haki? Hapana, na hapa poka yenyewe inatusahihisha. Kwenye lile shindano dogo hasara ina mwisho: umepoteza kiingilio, unanyanyuka, unaenda nyumbani kula. Kijana anayeweka ada ya mdogo wake kwenye mkeka wa mechi anajiona jasiri yuleyule, lakini aliyetiwa mezani ni mdogo wake, ambaye hata hakuulizwa.

Hapo ndipo namkumbuka mtoto wa Butiama. Mwalimu Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge palepale Musoma, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi. Ilitoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Wengi tunamkumbuka Shylock na ratili yake ya nyama. Mimi namtazama Bassanio. Portia anamwomba asubiri kabla ya kuchagua kasha, naye anakataa, kungoja kunamtesa. Anachagua kasha la risasi, lile linalomtaka mtu ahatarishe vyote alivyo navyo, na anashinda. Tunampigia makofi. Lakini alikuwa na nini cha kuhatarisha? Nauli na mavazi vilitoka kwenye mkopo, na rehani ya mkopo ilikuwa kifua cha Antonio.

Kwa hiyo nina maswali mawili, moja kwa kila methali. Ukitaka kumwambia mtu avute subira, uliza kwanza nani analipia siku zake za kungoja. Ukitaka kumsifu mtu kwa kuthubutu, uliza nyama iliyowekwa rehani ni ya nani.

Na kuna jambo linaloweza kufanywa. Kina mama wanaochangiana upatu au kukopeshana kwenye kikoba wanafanya kitu ambacho meza ya poka hairuhusu: wanampa vijisarafu aliyebakiwa na vichache, ili naye aweze kungoja mwezi mpevu upite. Kwa mtu huyo, subira huvuta heri si mahubiri tena. Ni kitu anachoweza kumudu.