Ushahidi wa Ngozi

Mtu mzima mwenye pumu ya ngozi, yaani ukurutu wa muda mrefu unaowasha na kupasua ngozi, anapopimwa mzio wa matunda, jambo hilo huonekana kuwa la tiba tupu, ilhali ndani yake mna swali la kale la falsafa: je, dalili ya jambo ni jambo lenyewe?

Kipimo ni chepesi. Sindano fupi huchomwa kwanza ndani ya tunda bichi, tuseme tufaha, kisha papo hapo huchomwa juu juu mkononi, mahali pasipo na ukurutu, kando ya tone la histamini, kemikali ambayo mwili wenyewe huimwaga wakati wa mzio, na tone la maji ya chumvi lisilotarajiwa kufanya lolote. Baada ya dakika 15 hivi, kivimbe kinachozidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa kuwa jibu chanya.

Kinachothibitika hapo ni kwamba mwili una kingamwili za IgE, yaani askari waliofundishwa kumtambua adui fulani. Kwamba mlaji atadhurika, hilo halijathibitika. Ulaya ya kaskazini, ambako chavua ya mti wa betula hujaa hewani majira ya kuchipua, wengi hutengeneza kingamwili dhidi yake, nazo huikamata pia protini ya tufaha kwa kuwa imefanana na ya chavua hiyo, hata kati ya waliovimba mkono wakawamo wanaowashwa midomo na koo, na wakawamo wanaomaliza tufaha zima kwa raha. Wenye ukurutu, ambao damu yao mara nyingi imejaa IgE, hukutwa zaidi na majibu ya namna hii.

Wanazuoni wa fiqhi hutenganisha yakini, ujuzi usio na mashaka, na dhana, ambayo ni kuelemea upande mmoja pasipo kukata shauri. Kivimbe peke yake kinastahili daraja ya dhana. Kinachoikaribia yakini ni kulishwa tunda hospitalini, kidogo kidogo, likiwa limefichwa katika chakula kingine. Hata ukimya wa ngozi una walakini, kwani dawa za kuzuia histamini zilizomezwa siku chache kabla huifunga mdomo.

Kumnyima mtu tunda alilolila miaka mingi bila kudhurika wala ukurutu kuchachamaa, kwa sababu tu ya alama mkononi, ni kumdhulumu. Na aliyewahi kubanwa pumzi baada ya kulila asilionje tena nyumbani kwa kuwa ngozi ilinyamaza, bali arudi kwa daktari.