Ramadhani na Rayan



Mwaka jana kaka yangu alijaaliwa mtoto wa kike. Siku ya saba tulikusanyika nyumbani, Buyenzi, mbuzi akachinjwa, mtoto akanyolewa, na bibi yetu akakaa mkekani akingoja kusikia jina. Bibi alizaliwa siku ya Ijumaa, na kila aliyekulia Bujumbura au Ujiji akiambiwa hivyo hana haja ya kuuliza bibi anaitwa nani. Alitumaini kitukuu huyu atakuwa somo wake. Hakusema, lakini sote tulijua.

Likatangazwa jina jingine, jipya, tamu masikioni. Silitaji, maana mtoto hana kosa. Bibi akauliza, "Maana yake nini?" Tukatazamana. Mmoja wetu akatoa simu. Ukurasa wa kwanza ukasema ni ua, wa pili ukasema ni mto wa Peponi. Bibi akasema, "Mungu amkuze," kisha akaomba maji ya kunywa.

Usiku nilimuuliza kaka kwa nini hakumpa mtoto jina la bibi. Akanijibu, "Yale ni majina ya Kiswahili tu, si ya dini." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi hata hapa chuoni, na mimi mwenyewe nimewahi kulitoa.

Tazama majina ya ukoo wowote wa Kiislamu katika mitaa yetu. Kwa babu zetu utakuta Juma, Hamisi, Rajabu, Shabani, Ramadhani, Mwajuma, Tausi. Kwa wazazi wetu wanazidi Yusufu, Ismaili, Hadija, Zainabu. Ukifika kwetu na kwa wadogo zetu, ni Rayan, Ayman, Ikram. Hata majina ya zamani yaliyobaki tumeyakata mkia: Idirisa amekuwa Idris, Abubakari amekuwa Abubakr, kana kwamba ile irabu ya mwisho ilikuwa najisi.

Lakini Juma na Hamisi si majina yaliyobuniwa na babu zetu. Nenda Oman au Misri, utawakuta watu wazima wanaitwa Jum'a, Khamis, Rajab, Sha'ban na Ramadan mpaka leo. Kwetu yalifika pamoja na dini yenyewe, kwa mikono ya watu wa pwani waliopitia Ujiji na kuvuka ziwa. Na yalikuwa na kazi: mama asiyejua kusoma aliyemwita mwanawe Shabani hakusahau mwezi aliomzaa.

Rayan je? Ni jina zuri. Hadithi sahihi zinatueleza kuwa Rayyan ni mlango wa Peponi watakaouingia wafungaji. Basi yule anayeona Ramadhani limechakaa akachagua Rayan, ametoka kwenye mwezi wa saumu akaenda kwenye mlango wa wenye saumu. Hakuhama mbali kama anavyodhani.

Kwa hiyo sababu si dini. Tuseme kweli: ni aibu. Masikioni mwetu Ramadhani ni fundi baiskeli wa pale sokoni, na Rayan ni kijana aliyesomea ng'ambo. Kupenda jina jipya si dhambi, na kila kizazi kina masikio yake. Babu zetu nao waliacha majina ya babu zao. Kinachonisumbua ni kuichukua aibu yetu tukaivika kanzu, kisha tukamwambia mzee aliyetufundisha alfatiha kwamba jina lake halitoshi.

Mtume (s.a.w.) hakuwaambia Umar, Hamza na Khadija (r.a.) watafute majina mengine, ingawa waliitwa hivyo kabla wahyi haujashuka. Alibadilisha majina yenye maana mbaya, na wakati mwingine hata yenye maana nzuri kupita kiasi. Zaynab (r.a.) mwanzo aliitwa Barra, yaani mwema, mchamungu. Watu wakasema anajitakasa, naye Mtume akambadilishia. Nikikumbuka kisa hiki huona haya kwa namna tunavyoshindana kutafuta jina litakaloonyesha kwamba nyumba yetu ina dini kuliko ya jirani.

Upande wa pili kuna kisa cha Hazn, na hiki kinanibana mimi. Hazn ni ardhi ngumu, ni ukali. Mtume (s.a.w.) alimpa jina la Sahl, yaani mwepesi, naye akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyib, mwanachuoni mkubwa wa Madina, alisema ule ugumu ulibaki katika ukoo wao. Maana yake heshima kwa wazee ina mpaka: jina linalomuumiza mtu halistahili kurithishwa kwa sababu tu ni la baba.

Nasema linanibana kwa sababu shangazi yangu anaitwa Tabu. Mama yake alimzaa kwa shida, akampa jina hilo, akafariki kabla ya arobaini. Katika kundi letu la darsa tumewahi kukubaliana kwamba majina kama Tabu, Shida na Mashaka yabadilishwe, na kwa dalili nilizozitaja naona tulikuwa sahihi. Lakini hilo ndilo neno pekee alilobakishiwa na mama yake. Mara mbili nimekwenda kwake nikiwa nimekusudia kumweleza kisa cha Hazn, na mara zote mbili nimekunywa chai nikarudi.

Kaka nimemwambia niliyoyaandika hapa. Alinyamaza kidogo, akasema cheti cha kuzaliwa kimeshatoka. Mtoto sasa anatambaa. Sisi tunamwita kwa jina la kwenye cheti. Bibi anamwita "somo", na mtoto anaitika.